Fundi Koni na miksi inayochelewa

Kadi ya kliniki ya masikio inaonyesha kwamba Jumanne, tarehe 5 Agosti 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, fundi wa spika mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja alipimwa kwa milio ishirini na minne. Kumi na mmoja hakuisikia: saba upande wa kushoto, minne upande wa kulia. Yote ilikuwa milio ya juu, ile myembamba.

Mtaani wanamwita Fundi Koni. Koni ni ile karatasi ngumu yenye umbo la bakuli inayotikisika katikati ya spika, na yeye amezibandika koni kwa miaka ishirini na sita. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kina ganda la gundi ambalo halitoki kwa sabuni wala kwa petroli. Mkewe husema siku likitoka atajua mume wake amekufa.

Siku hiyo alivaa shati lake la kwenda kwenye shughuli. Mpimaji, dada wa umri wa binti yake, alimwamkia, akamwingiza kwenye kibanda chenye kuta za sponji, akamvika hedifoni na kumpa kitufe.

“Ukisikia mlio, baba, hata uwe mdogo vipi, bonyeza. Usiposikia usibonyeze.”

“Sasa nisiposikia nitajuaje kwamba sijasikia?”

Mpimaji alicheka, akafunga mlango. Alidhani ni mzaha. Fundi Koni alikuwa ameuliza kutoka moyoni, kwa sababu hilo hasa ndilo lililokuwa limempata.

Ilianza mwezi wa saba, pale Mwenye Ukumbi aliporudisha spika zake. Huyu ni mteja wa siku nyingi, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye hukodisha ukumbi wa harusi na mikutano. Alikuwa amezileta spika nne zibadilishwe koni, akazichukua, na baada ya siku tatu gari lake likasimama tena mbele ya duka.

“Fundi, hizi spika zinaongea kama zimejifunika blanketi.”

“Haiwezekani.”

“Msema chochote wangu wa harusini alikuwa anasema ‘ndugu wageni waalikwa’, watu wanasikia ‘ndu-ge-wa-wa’. Bibi harusi aliuliza kama tumemleta mtu mwenye jino bovu.”

Fundi Koni aliziunganisha palepale, akaziwekea muziki, akasikiliza. Spika zilikuwa nzima. Alimwambia Mwenye Ukumbi kwamba tatizo liko kwenye waya za ukumbini, na Mwenye Ukumbi, ambaye hakuwahi kumwona akikosea, aliondoka shingo upande. Wiki iliyofuata alizirudisha tena. Alizishusha, akaziweka mlangoni, akamtazama mke wa fundi.

Mke wa fundi anashona mapazia. Duka lao ni chumba kimoja chenye milango miwili: upande wa barabara kuna meza ya spika, upande wa uani kuna cherehani na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu amekuwa akishona akiwa amegeuzia spika mgongo, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akisikia muziki uleule.

Muziki huo unahitaji maelezo. Mwaka 2004 mteja mmoja alileta redio kubwa ya kupigia CD iliyokufa, na ndani ya redio kulikuwa na CD ambayo hakuitoa. Fundi alipoifufua redio na kubonyeza, ukaanza muziki wa mashine usiokuwa na mwimbaji, wimbo ukiingia ndani ya wimbo bila kusimama, dakika sabini na nne. Ilikuwa miksi ya madijei wawili wa mbali sana, watu ambao hadi leo hajui sura zao. Juu ya CD yenyewe kulikuwa na vivuli viwili tu, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Nyumbani wanaitwa Wawili. Mteja alikuja kuchukua redio yake, hakuiulizia CD, na Fundi Koni hakumkumbusha. Mpaka leo, mtu mgeni akisimama mlangoni ghafla, moyo wake hushtuka kidogo akidhani ni yule mwenye CD.

Si kwamba familia iliupenda muziki huo. Mama mkwe, alipokuja kuwatembelea mara ya kwanza, alikaa dukani saa nzima, akanywa chai yake taratibu, kisha akamuuliza mwanawe, mke wa fundi, kwa adabu, “Huu muziki unaanza lini?”

Lakini kwenye dakika ya thelathini na moja ya miksi ile kuna kitu kimoja. Wimbo wa tisa unaondoka, wa kumi unaingia, na katikati yao, kwa mapigo manane tu, kuna mlio mdogo wa juu, kama kijiko cha chai kinachogusa ukingo wa glasi chumba cha pili. Spika yenye twita nzima, ile spika ndogo ya juu inayotoa sauti nyembamba, huutoa mlio huo safi. Twita ikiwa imeungua, mlio haupo kabisa. Fundi Koni aligundua hilo mwezi uleule alioipata CD, na tangu hapo hakuna spika iliyotoka dukani kwake bila kupita dakika ya thelathini na moja. Mita ya kupimia nyaya na umeme ilikuwepo, imening'inia ukutani. Aliiona ni kitu cha wanafunzi.

Wawili walitoa miksi nyingine mbili, ya mwisho miaka kumi na moja iliyopita. Anazo zote. Kazini hakuzitumia. Kazini ni ile ya kwanza.

Basi siku ile spika ziliporudishwa mara ya pili, mkewe alisubiri gari la Mwenye Ukumbi lipinde kona, akazima cherehani.

“Geuka uangalie barabarani,” alimwambia.

“Kuna nini?”

“Geuka tu, baba watoto. Mimi nawasha, wewe uniambie kijiko kimelia au hakijalia.”

Aligeuka. Muziki ukapigwa kuanzia dakika ya thelathini. Alisimama huku kidole chenye gundi kikihesabu mapigo hewani, na yalipofika manane alisema, “Hicho hapo. Kimelia vizuri kabisa. Nilikwambia ni waya za ukumbini.”

“Geuka sasa.”

Mkewe alikuwa ameshika waya wa twita mkononi. Alikuwa ameuchomoa kabla hajabonyeza.

Fundi Koni alimwambia arudie. Akarudia. Waya ukiwa mkononi mwa mkewe, mbele ya macho yake, bado alisikia kijiko kikigusa glasi. Alikisikia mahali pake, kwa wakati wake, kwa ukubwa wake. Miksi ile alikuwa ameisikia mara nyingi mno. Sikio lilipoacha kuleta mlio, kichwa kilikuwa kikiujazia, kimyakimya, bila kumwarifu mwenyewe, na hakuna ajuaye tangu lini. Aliketi kwenye kreti. Alianza kuhesabu spika alizozitoa mwaka huo, akaacha.

“Hunisikii tangu tuoane,” mkewe alisema, “nikadhani ni kiburi. Kumbe ni ugonjwa. Ningejua nisingenuna bure.”

Alikuwa anajaribu kumchekesha. Alipoona hachekeki, alikwenda kumchemshia chai.

Hivyo ndivyo alivyofika kwenye kibanda cha sponji. Baada ya kipimo, mpimaji alimwonyesha mstari kwenye karatasi, ukienda sawa kutoka kushoto kisha ukiporomoka kama ngazi iliyovunjika.

“Unajaribu spika ukiwa umbali gani, baba?”

Fundi alitanua kiganja kuonyesha. Ilikuwa shubiri moja.

Mpimaji alivuta pumzi. Alieleza kwamba ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana, kwamba vikishalala haviamki, kwamba hakuna dawa wala upasuaji wa hilo, na kwamba kwa kasi hii sikio la kulia litafuata la kushoto. Kifaa cha kusaidia kusikia kipo, ila foleni yake ni ndefu na zamu yake ingefika mwezi wa kwanza. Kifaa kingemsaidia kuwasikia watu. Milio ya juu kabisa, hiyo asiitegemee.

“Hili la kulia,” Fundi Koni aliuliza, “litafika tarehe kumi na mbili mwezi wa tisa?”

“Kuna harusi?”

“Kuna miksi.”

Mpimaji alikaa na kalamu yake hewani. Ilibidi amweleze.

Binti yake mkubwa, anayefanya kazi kwenye duka la kuchapisha vitabu, ndiye aliyeleta habari hiyo mwezi wa sita: baada ya miaka kumi na moja, Wawili wanatoa albamu mpya ya miksi, nyimbo ishirini na mbili, Ijumaa ya tarehe 12 Septemba. Wakati ule ilikuwa furaha tupu. Fundi alikuwa amewatangazia hata majirani wasiojali. Sasa ilikuwa jambo jingine. Zile tatu za zamani hakuwa tena na njia ya kuzisikia. Alikuwa anazikumbuka tu, hata zikiwa zinapigwa. Mpya hakuwa na kumbukumbu nayo. Mlio wowote ambao angeusikia humo, angekuwa ameusikia kweli. Alitaka kitu kimoja: hiyo miksi imkute angali na sikio moja la kuipokelea. Baada ya hapo, alisema, hata kama ni kuongea kwa vidole, ataongea kwa vidole.

“Sijui kama litafika,” mpimaji alimwambia. “Lipumzishe. Kaa mbali na kelele.”

Alilipumzisha kadiri mtu wa kazi yake anavyoweza. Aliziba sikio la kulia kwa pamba na mkanda wa gundi, akawa anageuza kichwa kutega la kushoto kama kuku anayetazama punje. Aliishusha mita ukutani na kuifuta vumbi. Mita inajua kama waya umekatika, lakini haijui kama sauti ni safi au inakwaruza, kwa hiyo kazi hiyo ilimwangukia mkewe. Wala hawakuzungumza kuihusu. Fundi hubandika, hufunga skrubu, huweka CD kwenye dakika ya thelathini, na mwanamke yule, akiwa bado amegeuza mgongo, mguu kwenye cherehani, huinua mkono wa kushoto kijiko kikilia. Asipoinua, spika inafunguliwa upya.

Mwenye Ukumbi alizichukua spika zake kwa mara ya tatu, na baada ya siku chache alirudi mwenyewe kwa miguu.

“Fundi! Sikio limerudi! Juzi hata mtoto aliyekuwa anakoroma nyuma ya ukumbi tulimsikia.”

“Ahsante, kaka.”

“Sasa nimeshamwambia kila mtu. Nimewaambia, yule bwana hana mpinzani kwa sikio.”

Fundi Koni alitazama chini. Kutoka upande wa uani cherehani ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Tarehe 4 Septemba binti alipiga simu. Siku hizi huongea na baba yake kwa sauti ya mtu anayemuita mtu wa ng'ambo ya mto.

“Baba, wamesogeza! Ni tarehe ishirini na nne mwezi wa kumi!”

“Nani kasogea?”

“Wamesogeza! Wawili! Kuna wimbo mmoja ambao mwenyewe hajatia saini utumike!”

“Mmoja kati ya ishirini na mbili? Si wautoe?”

Kisha akajijibu mwenyewe, kabla binti hajasema kitu. Anajua miksi hazitolewi kitu katikati. Wimbo wa kabla umeegemea wa baada, ukiuchomoa mmoja, miwili inaanguka. Yeye mwenyewe asingekubali. Alimrudishia mkewe simu, akaenda kusimama mlangoni, mikono mfukoni.

Tarehe 19 Septemba Wawili walitoa kionjo cha dakika mbili. Binti alikituma asubuhi. Fundi alifikiri mpaka mchana kama akisikilize au akiache, maana hakutaka kuionja miksi kwa vipande kama mtu anayedokoa jikoni. Lakini tarehe ilikuwa imesogezwa mara moja, na aliyesogeza mara moja anaweza kusogeza tena. Akatoa pamba. Akachagua spika mbili bora dukani, zilizokwisha kupimwa na mita na mkono wa mkewe, akakaa katikati yake, mbali kiasi alichoagizwa.

Besi iliingia. Aliifurahia, kwa sababu besi yake bado ni nzima. Palikuwa na kinanda cha chini kinachopanda na kushuka, na sauti ya mwanamke iliyorudiwarudiwa. Dakika mbili zilipokwisha alitikisa kichwa.

“Wamezeeka,” alisema. “Wamebadilisha mtindo. Huku juu wameacha patupu kabisa.”

Fundi alimgeukia mkewe, akaona ameshika kitambaa ambacho hakukishona hata mshono mmoja tangu kionjo kianze.

“Siyo patupu,” mkewe alisema.

“Unasemaje?”

Alikuja akakaa kwenye kreti, upande wa kulia, akarudia polepole. “Huku juu siyo patupu. Pamejaa.”

Mtu alikuja mlangoni kuulizia spika ya gari, akaambiwa aje kesho.

“Kuna nini?” Fundi Koni aliuliza.

Mwanamke huyu hakuwahi kusomea muziki. Alitafuta maneno mahali alipokuwa nayo. “Kuna kama mkasi. Mkasi mkali unaokata hariri, unakwenda bila kukwama. Halafu kuna kama pini zinadondoka kwenye sakafu ya saruji, lakini zinadondoka kwa mpango.”

“Mkasi uko kushoto au kulia?”

“Unazunguka.”

“Unazungukaje?”

“Baba watoto, unazunguka tu. Sasa nikwambieje?”

Walikirudia mara nne. Kila mara mkewe aliinua kidole pale mkasi unapoanza na kukishusha pale unapoisha, na kila mara Fundi Koni alitazama kile kidole badala ya kusikiliza. Mara ya tano aliinuka akazima. Alisema haina haja. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kumwambia mteja kwamba spika yake haitengenezeki.

Tarehe 20 Oktoba wakasogeza tena, hadi tarehe 28 Novemba. Binti aliandika ujumbe kwenye ukurasa wao, kwa lugha yao, akaeleza habari yote: baba, duka, kijiko, sikio. Aliomba kama wangeweza kumtumia mzee miksi kabla ya siku yake, na akaapa haitatoka mlangoni. Jibu lilikuja baada ya sekunde moja. Liliwashukuru mashabiki wote kwa upendo wao na kuwataka waendelee kusubiri, na mwishoni palikuwa na mioyo mitatu.

“Wamejibu!” mama yake alisema.

“Siyo wao, mama. Ni mashine.”

“Basi mashine imetoa mioyo,” Fundi Koni alisema, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka mwezi huo.

Alhamisi ya tarehe 30 Oktoba alirudi kwenye kibanda cha sponji. Kadi inaonyesha milio kumi na mitano iliyokosekana. Kushoto ilikuwa minane. Kulia, lile sikio alilolifunga pamba kwa wiki kumi na mbili kama mtu anayetunza mche, ilikuwa saba. Mpimaji aliitazama ile karatasi, akauliza, kwa kunyanyua sauti, “Ile miksi imetoka?”

“Bado.”

“Pole, baba.”

“Wewe umefanya kosa gani?”

Tangu siku hiyo hajarudisha pamba. Kazini mambo yanakwenda. Mwezi huu wa Novemba dukani kumekuwa na spika kumi na saba, na hakuna iliyorudi. Mkewe ameanza kuinua mkono kabla kijiko hakijalia, kwa sababu naye sasa miksi ile anaijua kwa kichwa. Fundi Koni aliliona hilo Jumatatu iliyopita. Alisimama akamtazama mgongo kwa muda mrefu, kisha akaenda akachomoa waya wa twita bila kumwambia, akarudisha nyuma, akapiga. Mkono ulipanda nusu, ukasita, ukashuka.

“Twita imekufa hiyo,” mkewe alisema, bila kugeuka.

“Haijakufa. Nilikuwa nakupima.”

“Nimefaulu?”

“Umefaulu.”

Hata hivyo amemwambia binti awatafutie CD nyingine ya kupimia, yoyote, mradi mama yake hajawahi kuisikia, na wataibadilisha kila baada ya miezi mitatu.

Miksi ya Wawili inatoka Ijumaa, saa nne asubuhi. Tarehe haijasogezwa tena. Ina dakika sabini na tisa. Fundi Koni atafunga mlango wa barabarani, mkewe atazima cherehani na kukaa kulia kwake, na wamekubaliana kwamba hatainua kidole wala kusema neno mpaka iishe. Wataipiga mara moja. Saa tano na nusu watafungua duka, kwa sababu Mwenye Ukumbi ana harusi Jumamosi na spika zake mbili hazijabandikwa koni.